Diski ya nje iliyochomolewa ghafla na sasa haifunguki

Hapa Bukavu diski ya nje mara nyingi hubeba kitu kisicho na nakala nyingine popote: video ya harusi, hesabu za duka, kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa chuo. Mtu anayeniletea diski iliyochomolewa ghafla, au iliyokatikiwa umeme katikati ya kunakili, hufika mezani pangu Nyawera akiwa amekwisha kujaribu mambo matano, na la tano ndilo lililoharibu zaidi. Kwa hiyo jambo kubwa katika mwongozo huu ni mpangilio wa hatua: kipi kifanywe kwanza, kipi kingoje, na kipi kisiguswe mpaka mafaili yawe yameokolewa.

Kuchomoa kebo bila kuiaga kompyuta hakuui diski papo hapo. Data nyingine husubiri kwanza katika kumbukumbu ya muda ndipo iandikwe, na ingawa Windows 10 tangu toleo 1809 la mwaka 2018 haiziwekei diski za nje kusubiri huko kwa kawaida, faili lililokatwa likiwa bado linaandikwa litabaki nusu. Kinachoumia hasa ni daftari la diski, yaani orodha inayoeleza faili gani limekaa wapi. Diski iliyofomatiwa kwa NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows wa kupanga mafaili, huandika kwanza katika jarida lake kile inachokusudia kubadilisha, kwa hiyo ikikatizwa huwa na pa kurejea. ExFAT, mfumo mwingine wa kupanga mafaili unaosomeka kwenye Windows na Mac, haina jarida hilo, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayokataa kufunguka mara nyingi zaidi. Mafaili yenyewe kwa kawaida yangali palepale yalipokuwa.

Kabla ya kugusa kompyuta, chomeka diski na usikilize. Ikigonga tik-tik kwa mpigo ule ule, au ikianza kuzunguka na kusimama tena na tena, izime mara moja iwapo data yake ina thamani, kwa sababu hilo ni tatizo la vyuma na hakuna programu itakayolitibu. Kila dakika ya kujaribu huongeza mikwaruzo. Ikizunguka kwa sauti tulivu, endelea.

Hatua inayofuata ni kebo, na watu wengi huidharau. Kebo iliyovutwa kwa nguvu huweza kupinda ncha ile pana na nyembamba inayoingia kwenye diski, taa ikawaka huku data haipiti. Jaribu kebo nyingine, kisha ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyaji. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900, na diski ndogo isiyo na chaja yake hutegemea kiasi hicho peke yake. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma.

Kama bado haionekani, bofya kwa kitufe cha kulia kwenye nembo ya Windows uchague «Gestion des disques» (usimamizi wa diski), kwani kompyuta nyingi hapa mjini zimewekwa kwa Kifaransa. Diski ikiwa «Hors connexion» (nje ya mtandao wa kompyuta), irudishe «En ligne» (hewani). Ikiwa ni nzima lakini haina herufi, ipe herufi ambayo haijatumika. Nimewahi kulipwa kwa kazi hiyo ya sekunde kumi na nikaona aibu kidogo. Ikiandikwa RAW, maana yake Windows inaiona diski ila haiwezi kusoma daftari lake. Hapo ndipo linapotokea dirisha linalokuomba ufomati, na jibu pekee ni «Annuler» (ghairi). Vivyo hivyo usikubali kamwe «Initialiser» (kuianzisha upya) kwenye diski yenye data, hata kompyuta ikisisitiza.

Diski ikifunguka hata kwa kusuasua, nakili kwanza vile visivyo na mbadala, ndipo ufikirie kutengeneza. Amri ya chkdsk E: /f, ukiweka herufi ya diski yako mahali pa E na kuifungua «Invite de commandes», dirisha la kuandikia amri, kwa ruhusa ya msimamizi, hurekebisha daftari vizuri sana, lakini hurekebisha kwa kuandika juu ya diski ile ile. Vipande visivyojulikana ni vya nani hukusanywa katika folda iliyofichwa iitwayo FOUND.000, vikiwa na majina ya FILE0000.CHK na kuendelea, na kuvitambua kimoja kimoja ni kazi ya kuchosha. Usitumie /r kwenye diski unayoishuku, kwa sababu hiyo huisoma yote ikitafuta sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya diski visivyosomeka, mzigo usiofaa kwa mgonjwa. Kwenye diski ya RAW, chkdsk itakataa tu.

Kwa diski ya RAW, au inayokwama kila unaponakili, mimi huanzisha kompyuta kwa Ubuntu, mfumo wa Linux, iliyo kwenye flashi na kuchukua taswira ya diski nzima, yaani nakala yake yote katika faili moja, kwa programu ya ddrescue, ambayo katika Ubuntu hupatikana kwa jina la gddrescue. Tambua kwanza diski kwa amri ya lsblk ukilinganisha ukubwa wake, maana kukosea hapa ni kunakili diski isiyo mgonjwa. Kisha, ukiweka jina la diski yako mahali pa sdb:

sudo ddrescue -n /dev/sdb taswira.img ramani.map

Taswira iwekwe kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha na isiyo ya FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, kwa kuwa FAT32 haipokei faili lifikalo GB 4. Ninaipenda programu hii kwa sababu ya lile faili la ramani, linaloweka kumbukumbu ya sehemu zilizokwisha kusomwa. Diski ya TB 1 kupitia USB 2.0 huchukua takriban saa nane hata ikiwa nzima, na ni nani kati yetu anayeahidiwa saa nane za umeme mfululizo? Umeme ukikatika, hakikisha diski zina majina yale yale ya sdb, toa amri ile ile na majina yale yale ya mafaili, nayo itaendelea pale ilipoishia. Hilo -n huifanya ichukue kwanza sehemu rahisi na kuruka zilizokwama. Raundi ya pili, bila -n, ndiyo itakayorudi kuzikwangua.

Ukishapata taswira, ifungue kwa programu ya TestDisk. Hiyo huweza kuonyesha mafaili pamoja na majina yake na kuyanakili bila kubadilisha chochote, na ikishindikana huweza kurejesha sekta ya kuwashia, ile ya mwanzo inayoeleza mpangilio wa diski, kutoka kwenye nakala yake, kwani NTFS na exFAT zote mbili huweka nakala ya sekta hiyo. PhotoRec, programu nyingine ya kuokoa mafaili, iachwe mwisho: huokoa picha na video kwa kuzitambua kwa umbo, lakini hupoteza majina na folda, na mpiga picha mwenye harusi thelathini katika diski moja hatakushukuru sana.

Watumiaji wa Mac wana kisa chao. Diski ya exFAT ikichomolewa vibaya, Mac huikagua kimyakimya kwa programu yake ya fsck_exfat kabla ya kuionyesha, na kwenye diski kubwa ukaguzi huo huweza kuchukua muda mrefu sana, mtu akidhani diski imekufa. Iache ikiwa imechomekwa.

Kazi ikiisha, soma hali ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo au smartctl. Kama sekta zinazosubiri kubadilishwa, kipimo namba 197, si sifuri na zinaongezeka, diski hiyo haifai tena kazi ya mteja. Mimi zangu za namna hiyo huzipa filamu, na huziandika kwa kalamu nyekundu.