Paka wa Tanga Kwenda Ujerumani: Chipu Itangulie Chanjo

Kabla hujamchanja paka wako, mtie chipu, yaani kile kidude kidogo chenye namba kinachoingizwa chini ya ngozi. Nalitanguliza jambo hili kwa kuwa ndilo lililoniumiza, na kwa kuwa nawaona wenzangu wa Tanga wakielekea kuumia palepale. Chipu kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa baadaye. Yote mawili yanaweza kufanyika siku moja kwenye meza moja, lakini chipu iingizwe na isomwe kwa mashine kabla ya sindano ya chanjo, na tarehe zote mbili ziandikwe wazi. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki kabisa.

Paka wangu alichanjwa nyumbani kwanza, akatiwa chipu baadaye, na nilipouliza kama mpangilio huo ungeleta shida, niliambiwa kwa uhakika kwamba chanjo ni chanjo. Damu ikapimwa, majibu yakaja mazuri, cheti kikagongwa muhuri. Tuliposhuka Ujerumani, daktari wa mifugo wa mpakani alizilinganisha tarehe mbili na hakuhitaji kusoma zaidi. Paka mzima, mwenye kinga iliyothibitishwa na maabara, alichukuliwa karantini kwa gharama yangu na hesabu ikaanza upya. Sheria inawaruhusu kumrudisha mnyama alikotoka, au kumweka karantini kwa gharama ya mwenyewe, na yakishindikana yote hayo, kumuua. Hilo la mwisho nilielezwa nikiwa nimeshika kikapu chake kitupu.

Sikuona haki siku ile, na hadi leo naona kwamba jamii hii ya Ujerumani huiamini karatasi kuliko kiumbe kilicho mbele yake. Hata hivyo, sababu ya sharti lenyewe inaeleweka: chipu ndiyo kitambulisho cha paka, na bila kitambulisho hakuna awezaye kuthibitisha kwamba paka aliyechanjwa Makorora, Tanga, ndiye huyuhuyu aliyeletwa. Kwa hiyo msibishane na sharti. Bishaneni na yeyote anayewaambia kwamba halina uzito. Ikiwa paka wako alikwisha kuchanjwa kabla ya chipu, mtie chipu sasa, mchanje tena, na uhesabu kuanzia chanjo hiyo mpya, hata kama muuza dawa, jirani au mtaalamu atakuambia unapoteza fedha.

Hesabu yenyewe ni ndefu, kwa sababu Tanzania haimo katika orodha ya nchi zilizopunguziwa masharti. Paka awe ametimiza wiki 12 ndipo achanjwe. Zipite siku 30 au zaidi ndipo atolewe damu, ambayo hupelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kinga ifikie angalau yuniti 0.5 za kimataifa kwa mililita moja. Kisha mngoje miezi 3, inayohesabiwa tangu siku ya kutolewa damu wala si siku ya kupokea majibu. Maana yake ni kwamba mtoto wa paka aliye chini ya takriban miezi 7 hawezi kuwa na karatasi halali za kutoka Tanga, na anayekuuzia karatasi hizo anakuuzia karantini. Chanjo ya marudio isichelewe hata siku moja, la sivyo mnaanza tena. Kibali cha kusafirisha na cheti cha daktari wa serikali mnazijua njia zake. Angalieni tu kwamba cheti hudumu siku 10 hadi kuingia Ulaya.

Kuna ndugu zetu wenye mapenzi mengi na haraka nyingi, wanaosema, "Wewe tangulia, tutamtuma na mgeni wa kwanza." Shangazi zangu, nawaheshimu, lakini paka si kifurushi cha visheti. Anayemsafirisha kwa niaba yako lazima awe na idhini yako ya maandishi, na safari ya paka isipishane na yako kwa zaidi ya siku 5, vinginevyo huhesabiwa kuwa bidhaa ya biashara yenye masharti mengine kabisa.

Miezi ikikataa kutosha, mtafutie paka makao hukohuko Tanga, na uanze mapema. Mhasi kwanza. Mkabidhi mtu mzima aliyewahi kufuga, si mtoto aliyefurahishwa na manyoya, na umwombe amfungie ndani wiki kadhaa, maana paka hurudi kwenye nyumba aliyoizoea hata ikiwa imehamwa. Acheni desturi ya kumtia kwenye kiroba usiku na kwenda kumwaga soko la samaki la Deep Sea kwa hoja kwamba hatakosa vichwa vya samaki. Paka wa ndani hupigwa na paka wa pale, hufukuzwa kwa mawe, na wengi hawadumu. Sote tulisomeshwa chuoni, yaani madrasa, habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie riziki.

Aliyefika Ujerumani salama bado ana hatari moja ambayo kwetu haipo: madirisha yanayoinamia ndani kwa juu. Paka hujaribu kupita kwenye ule mwanya, huteleza hadi panapobana, na kila akijinasua hubanwa zaidi, akapooza au akafa. Usitoke nyumbani ukiwa umeliacha dirisha hivyo bila wavu wa kinga. Maua ya lili nayo yasiingie ndani, kwani hata chavua yake huua figo za paka.

Ukilazimika kumpa mtu mwingine paka wako huku Ujerumani, usimwache mtaani, kwani sheria ya ulinzi wa wanyama inakataza na faini yaweza kufika euro 25,000. Wenyeji watataka kuiona nyumba ya mpokeaji, wataandika mkataba na kutoza ada kidogo. Wenzetu wengi huona ni dharau, nami naona ni desturi ya kuigwa, kwa kuwa ada humzuia mtu anayechukua mnyama kwa sababu tu ni wa bure. Mpe mpokeaji kitabu cha chanjo chenyewe, kisha hakikisheni namba ya chipu imebadilishwa jina katika daftari la usajili siku hiyohiyo. Chipu haijisajili yenyewe, na paka huyo akipotea baada ya mwaka mmoja, atakayepigiwa simu ni yule ambaye jina lake limo.