Ramani ya hatari ya volkano: usianze na duara, anza na korongo

Karibu kila kijana anayenijia hapa Arusha na ramani ya hatari ya Mlima Meru huwa amechora maduara: jekundu kilomita 5, la njano kilomita 10. Yanapendeza, lakini yanamtisha aliye salama juu ya mgongo wa kilima na kumwacha aliyejenga kando ya mto. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Ujue mlima wako umewahi kufanya nini

Meru ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Zamani sana ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ndiyo maana kasoko yake imefunguka upande huo, na vile vilima vidogo vinavyozunguka maziwa ya Momella ni mabaki ya mporomoko. Ol Doinyo Lengai, volkano nyingine ya kaskazini mwa Tanzania, una tabia tofauti. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, hutoka nyeusi ikageuka nyeupe, na kwa kawaida haifiki mbali. Lakini mwaka 2007 na 2008 ulilipuka na kumwaga majivu.

Kisha kumbuka Mlima Hanang, volkano iliyolala. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka hadi mji wa Katesh, chini ya mlima huo, baada ya mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 80, wala mlima haukulipuka. Kwa hiyo hata volkano iliyolala ina ukanda wa hatari, na ukanda huo uko mabondeni.

Hatua ya 2: Tayarisha kompyuta

Pakua QGIS, programu ya kutengeneza ramani, na data ya mwinuko ya Copernicus ya mita 30. Zote ni bure. Kwa Meru tumia UTM, mfumo wa kupima mahali kwa mita unaoigawa dunia katika kanda, kanda ya 37 Kusini. Lengai iko kanda ya 36, kwa sababu mstari wa nyuzi 36 Mashariki unapita katikati ya milima hiyo miwili.

Ukitumia karatasi za zamani za 1:50,000, angalia datamu, yaani msingi wa vipimo ambao ramani imejengwa juu yake. Nyingi ni Arc 1960, na ukizisoma kama WGS84, datamu inayotumiwa na GPS, kila kitu kinahama takriban mita 300. Kosa hilo nimelifanya. Ukanda mwekundu uliangukia ng'ambo ya korongo, na mzee mmoja mkutanoni akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huu mto umehama lini?"

Hatua ya 3: Ingia korongoni

Hapa usiharakishe. Chukua jembe dogo, futikamba na GPS, ufuate korongo kuanzia mtoni kwenda juu, wakati wa kiangazi. Tafuta ukingo uliokatwa wima na maji, uukwangue upate uso safi.

Changarawe ya mto imejipanga: mawe yamelala, yamelingana ukubwa, yana mviringo. Mabaki ya tope la volkano hayajapangwa. Utaona jiwe kubwa kama ndoo limening'inia katikati ya udongo laini wa kijivu, halijagusana na jiwe lingine, na limezungukwa na vikokoto vya kila saizi. Ni tope zito lililolibeba. Majivu yaliyoanguka kutoka angani hufanya tabaka jembamba lenye unene unaolingana, likifuata mwinuko wa ardhi ya zamani kama shuka juu ya godoro. Pima unene wa kila tabaka, piga picha na futikamba ndani yake, rekodi mahali. Tabaka za tope zikiwa tatu katika ukingo mmoja, mto huo umeshaleta tope angalau mara tatu.

Hatua ya 4: Hesabu tope litakapofika

Kadiria ujazo wa tope, V, kwa mita za ujazo. Eneo litakalofunikwa ni mara 200 ya V kipeo 2/3. Sehemu ya bonde itakayojaa, ukilikata kwa upana, ni mara 0.05 ya V kipeo 2/3 hiyohiyo. Kwa V ya milioni 1 unapata eneo la mita za mraba 2,000,000, na mkato wa bonde wa mita za mraba 500. Korongo lenye upana wa mita 25 litajaa hadi mita 20 hivi. Rudia kwa ujazo mdogo na mkubwa kwa kila mto: Themi, Naura, Nduruma.

Hatua ya 5: Mawingu ya moto na majivu

Kwa wingu la majivu na gesi ya moto linaloshuka mlimani, tumia uwiano wa tofauti ya mwinuko kwa umbali: ukigawanya tofauti ya mwinuko kwa uwiano huo, unapata umbali ambao wingu linaweza kufika. Kilele cha Meru kiko mita 4,566 na mjini ni kama 1,400. Ukitumia uwiano wa 0.3, mstari unaishia kilomita 10 na ushee, kwa 0.2 unafika karibu 16, na katikati ya mji ni kama kilomita 15 kutoka kileleni. Chora mistari yote miwili. Ukianzia kwenye kilima cha majivu kilichomo ndani ya kasoko, umbali unapungua na ukuta wa magharibi unaleta kizuizi, kwa hiyo andika wazi umeanzia wapi.

Majivu hufuata upepo. Yachorwe kwenye ramani yao peke yake, ya kusi na ya kaskazi.

Hatua ya 6: Irudishe kwa wenyewe

Ichapishe kubwa, uandike madaraja, masoko, shule na makanisa, kisha mwombe mwenyekiti wa mtaa aitishe kikao. Mama mmoja aliitazama yangu kwa muda mrefu, akasema, "Nimeona pa kufia. Pa kukimbilia pako wapi?" Hapakuwepo. Tangu siku hiyo, kwa kila kitongoji kilichomo katika rangi nyekundu naweka mwinuko wa karibu na njia ya mguu ya kuufikia, na dakika naziandika baada ya kupanda njia hiyo pamoja na mama mwenye mtoto mgongoni.