Kuchagua Begi la Mgongoni kwa Msafiri wa Daladala

Mnunuzi wa begi la mgongoni katika mitaa ya Kariakoo kwa kawaida hulijaribu akiwa amesimama wima, na akiona mikanda imekaa vizuri mabegani hulipia na kuondoka. Kesho yake, ndani ya Hiace ya saa 12 asubuhi inayotoka Mbagala, begi hilo halitakaa mgongoni hata kidogo: litapakatwa, litabanwa kifuani, au litapokewa na abiria aliyepata siti. Kwa sababu hiyo namshauri kila mnunuzi amwombe muuzaji kigoda, aketi, akutanishe magoti na kuliweka begi mapajani kabla ya kuuliza bei. Kwanza ayatoe makaratasi ambayo wauzaji huyajaza ndani ili begi lionekane limenenepa, kisha atie vitu vyake mwenyewe, maana begi tupu halisemi ukweli.

Kipimo cha kuzingatia zaidi ni unene, ingawa kibandiko cha begi hutaja lita peke yake. Begi lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 27 na unene wa 14 hubeba takribani lita 15. Lenye urefu wa 36, upana wa 21 na unene wa 20 hubeba kiasi hichohicho. La kwanza hulala mapajani kama sinia na kukuachia nafasi ya kupumua, ilhali la pili hukandamiza tumbo upande mmoja na kusukuma kiti cha mbele upande wa pili, na mwenye kiti hicho atageuka kukutazama safari nzima. Kwa mtu anayebeba chakula cha mchana, sweta, chupa ya maji na nyaraka, lita 12 hadi 18 zinatosha. Nenda dukani na faili la karatasi za A4: likiingia bila kukunjwa, urefu na upana vinafaa.

Baada ya unene, angalia kila kinachoning'inia. Nilikuwa na begi lenye mikanda ya kiunoni, na siku moja ncha ya mkanda mmoja ilinasa kwenye bawaba ya kile kiti cha kukunja kilicho karibu na mlango. Konda alikuwa ameshagonga bati gari liondoke, nami nina mguu mmoja chini na begi limebaki ndani. Tangu hapo sinunui begi lenye mkanda wa kiunoni, na ncha za mikanda ya mabega huzikunja na kuzishonea. Vivuta zipu vya chuma virefu navyo hunasa kwenye kanga na sweta za watu. Kamba fupi ya kitambaa ni bora.

Kishikio cha juu wengi hawakitazami, nami nakihesabu kuwa kiungo muhimu kuliko mifuko yote ya nje. Ukiwa umesimama, abiria aliyekaa hunyoosha mkono akupokee mzigo, na kinachopita juu ya vichwa vya watu ni begi linaloshikwa kwa kishikio hicho. Kiwe kipana kiasi cha vidole vinne kupita, na kiwe kimeshonwa kwa mishono iliyokatizana, si mstari mmoja wa uzi. Kivute kwa nguvu hapohapo dukani. Kwa heshima ya mapaja ya huyo anayekusaidia, kitako cha begi kiwe cha kitambaa kigumu kinachofutika, kwa kuwa wakati wa masika sakafu ya gari huwa tope, na begi likiwahi kuwekwa chini litabeba tope hilo hadi kwenye nguo za mwenzako.

Simu na pochi vinahitaji mfuko wenye zipu upande unaogusa mgongo, ambao ukilihamishia begi kifuani hugusana na mwili wako, mahali ambapo mkono wa kibaka haufiki bila wewe kuhisi.

Wanaonunua mitumba katika soko la Karume, Ilala, hupata vitambaa imara kuliko vya madukani, lakini wachunguze utando wa ndani unaozuia maji. Pitisha kiganja ndani ya begi na usugue: likinata, au likiacha magamba mkononi, lirudishe kwenye fungu.