Kupiga picha za maji Karamoja: yanayotumika na yanayopotea

Juzi nilikaa na kijana mmoja hapa Moroto, mji wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, tukipitia picha zake za kisima. Zilikuwa nzuri kwelikweli: akina mama, jerikani za njano, mlima kwa nyuma. Kasoro ni kwamba maji yanayopotea hayakuonekana hata kwenye picha moja, na ndiyo aliyotumwa kuyapiga. Tulirudi kisimani pamoja, na utaratibu tuliofuata ni huu.

Hatua ya 1: Msimu

Januari au Februari. Mvua za Karamoja huja takriban Aprili hadi Septemba. Nje ya hapo mito ni mchanga mtupu, watu huchimba humo kuyafuata maji, na wafugaji wa Turkana kutoka Kenya huvuka na mifugo yao hadi bwawa la Kobebe.

Hatua ya 2: Ruhusa

Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kwanza, halafu mtunza pampu, halafu mwenye jerikani. Kamera ibaki mfukoni mpaka umeshasalimia kwa Kikaramojong, "Ejoka", na kujibiwa. Kwa mtoto, muulize mzazi. Ukikuta wanajeshi bwawani, wasalimie na ueleze shida yako kabla ya lolote. Kambi haipigwi picha.

Hatua ya 3: Vifaa

Lenzi moja ya 35mm. Lenzi ndefu siitaki kabisa kwenye kazi hii, maana inakufanya umwibie mtu picha toka mbali, na hata wewe hujui alikuwa anafanya nini. Simu nayo inafaa, mradi uweze kupanga mwanga mwenyewe.

Hatua ya 4: Maji yaliyomwagika yaonekane

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Maji yakishafika chini hayana rangi. Kinachoyaonyesha ni mng'ao wa anga juu yake, au weusi wa udongo uliolowa. Kwa hiyo jambo la kwanza, vua polaraiza, kile kichujio kinachofungwa mbele ya lenzi. Najua wapo wanaoiacha kwenye lenzi mwaka mzima ili anga liwe la buluu, lakini kazi yake ni kukata mng'ao, na ukiukata mng'ao dimbwi linapotea. Kijana wetu alikuwa nayo. Tulipoivua tu, dimbwi lililokuwa halionekani likatokea.

La pili, lielekee jua likiwa chini, kisha uchuchumae. Mwezi wa Februari jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, na mwanga mzuri haufiki saa tatu. Ukichelewa, udongo uliolowa umeshaanza kukauka na kila kitu kimekuwa cheupe. Ila ukilielekea jua, nyuso zitakuwa nyeusi tii. Usiongeze mwanga kwa ajili ya nyuso, kwa sababu mng'ao wa maji ukiungua, yaani ukiwa mweupe mtupu, haurudi. Punguza kidogo, piga RAW (faili ghafi la kamera), halafu nyumbani uangaze sehemu za giza kwenye kompyuta. Au mwombe mtu akushikie shuka jeupe pembeni lirudishe mwanga usoni.

La tatu, uvujaji mwembamba. Kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde inagandisha matone, na matone matatu hewani hayamshtui mtu. Shusha hadi 1/60, maji yawe uzi mmoja, lakini hapo tuliza mikono au uegemee kitu. Nyuma ya uzi huo pawe na giza: shina la mti, au ukuta wenye kivuli. Mbele ya mchanga mweupe hutauona.

La nne ni kusubiri. Kwenye pampu ya mkono maji mengi humwagika wakati wa kubadilisha jerikani. Iliyojaa inaondolewa, tupu inaburutwa, na anayepampu haachi. Ni sekunde chache tu, maji yanapiga saruji. Weka fokasi kwenye mdomo wa pampu mapema.

Hatua ya 5: Pima

Kinga bomba linalovuja kwa chupa ya nusu lita, tazama saa. Ikijaa kwa dakika moja, hizo ni lita 30 kwa saa, lita 720 kwa siku, yaani jerikani 36 za lita 20. Piga picha chupa ikiwa chini ya bomba, na uandike muda.

Hatua ya 6: Yafuate mpaka yanapoishia

Usiite upotevu kabla hujaufuata mfereji. Yanayotoka kwenye saruji ya pampu mara nyingi huenda kwenye hori la mbuzi au kitalu cha mboga, na mama uliyetaka kumlaumu atakucheka. Kisha nenda mjini. Tafuta tangi linalofurika bila mtu wa kulifunga, au mpira wa maji ulioachwa wazi pale magari yanapooshwa. Mfululizo wenye kisima peke yake, mimi siukubali: unamsuta anayebeba lita 20 kichwani na kumwacha mwenye bomba uani.

Hatua ya 7: Maelezo

Andika palepale: mahali, saa, maji yanatoka wapi na yanaishia wapi. Ukingoja hadi jioni utachanganya visima. Kabla ya kuondoka mwonyeshe mwenye picha kwenye skrini. Akisema ifutwe, ifute mbele yake.