Somo: Kuchagua mazindiko ya vifaa vyako kwenye Minecraft, na kuyapanga kabla ya kugusa fuawe

Wakuu, salaam.

Wiki nzima nilikuwa nakusanya vitabu vya mazindiko, yaani nguvu za ziada za kifaa, kwa ajili ya upanga mmoja. Nilianza kwa kuunganisha panga mbili za almasi zilizochakaa nipate mmoja mzima, kisha nikawa natia kitabu kimoja kimoja kwenye fuawe, ile chuma ya mhunzi ya kuunganishia vitu: Sharpness V (ukali, ngazi ya tano), Looting III (nyara zaidi), Fire Aspect II (kuchoma), Knockback II (kusukuma), Unbreaking III (kudumu). Hicho cha tano peke yake kilikula leveli 34, yaani ngazi za uzoefu wa mchezaji. Kilichobaki ni Mending (kifaa kujitengeneza), ambacho nilikitaka kuliko vyote, na nilikiweka mwisho kama mtu anavyosogeza mnofu pembeni ya sahani. Fuawe ikaniandikia kwa wekundu: Too Expensive! Yaani ghali mno. Upanga ule niliutumia mpaka ukakatika, na kitabu cha Mending nikiwa nacho sandukuni.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza namwambia mambo mawili. Zindiko la kuanza nalo ni lile linalokipa kifaa maisha, na hesabu ya fuawe hufanywa mapema.

Neno zindiko ndilo ninalotumia kwa kile ambacho vijana wengi wanakiita enchanti. Wazee walizindika nyumba na mashamba, nasi tunazindika sululu. Majina ya mazindiko yenyewe nayaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyaona.

Hatua ya 1: Meza na rafu zake

Meza ya kuzindikia inataka bloku 4 za obsidiani, almasi 2 na kitabu 1. Obsidiani haichimbiki mpaka uwe na sululu ya almasi, kwa hiyo kiuhalisia unahitaji almasi 5 kabla hujaanza.

Kisha weka rafu 15 za vitabu kuizunguka meza, ukiacha nafasi ya bloku moja kati ya rafu na meza. Rafu 15 ni vitabu 45, yaani karatasi 135, ngozi 45 na mbao 90. Panda miwa mapema kando ya maji na fuga ng'ombe, la sivyo utazunguka porini siku nzima. Na ile nafasi ya bloku moja iache tupu kabisa: zulia au mwenge ukiwa katikati, rafu iliyo nyuma yake haihesabiki. Utajua rafu inafanya kazi ukiona herufi ndogo zikiruka kutoka kwake kuelekea mezani.

Rafu zikitimia, chaguo la chini kabisa litadai uwe na leveli 30. Hapa wengi wanaogopa bure. Inadai uwe nazo, lakini inakata 3 tu, pamoja na vipande 3 vya lapisi, lile jiwe la buluu. Kufika leveli 30 kutoka sifuri ni XP (pointi za uzoefu) 1,395, ila kurudi 30 ukitoka 27 ni XP 306. Safari ya kwanza ndiyo ndefu. Mimi huikamilisha kwa kuchimba kwatzi kule Nether, ule ulimwengu wa moto, na kwa kuchoma madini kwenye tanuru.

Hatua ya 2: Zindika sululu kabla ya upanga

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu kila anayeanza anakimbilia upanga. Sululu ndiyo inayokuletea almasi za kila kitu kingine.

Unazotaka ni Efficiency (kuchimba haraka), Unbreaking III, na moja kati ya Fortune III (mavuno zaidi) au Silk Touch (kuchukua bloku nzima), kwani hizo mbili hazikai pamoja. Fortune III kwenye almasi inakupa wastani wa 2.2 kwa kila bloku, na ukibahatika bloku moja inatoa 4. Ukikuta almasi huna Fortune, weka alama hapo, funika kwa jiwe, rudi ukiwa nayo. Mimi nimewahi kuacha bloku 7 zimekaa ukutani karibu wiki mbili na sikujuta.

Unbreaking III inafanya kifaa kidumu takriban mara nne. Sululu ya almasi ina uhai wa 1,561, hivyo ukiwa nayo unapita bloku 6,000 kabla haijavunjika. Kwenye mavazi ya vita zindiko hilohilo ni dhaifu zaidi, uhai unakuwa kama mara moja na nusu tu ya ule wa kawaida.

Silk Touch itie kwenye sululu ya pili. Hiyo ni ya kuchukua bloku nzimanzima: vioo, barafu, sanduku la Ender.

Hatua ya 3: Mkutubi wa kijijini

Mending haitoki mezani hata ukae mwaka. Inapatikana kwa kuvua samaki, kwenye masanduku ya magofu, na kwa mkutubi. Njia ya mkutubi ndiyo ya uhakika.

Tafuta mwanakijiji asiye na kazi, mzungushie ukuta asitoroke, mwekee marufaa mbele yake, kile kisimamo cha kusomea. Atakuwa mkutubi. Fungua biashara yake uone anauza kitabu gani. Sicho? Vunja marufaa, subiri avue joho, iweke tena. Rudia. Kuna siku inakuja mara ya tatu, kuna siku unafika mara ya hamsini. Mending huuzwa kati ya zumaridi 10 na 38 pamoja na kitabu kitupu. Ukikiona, nunua chochote kwake hapohapo, hata karatasi umuuzie wewe, maana mkishafanya biashara mara moja bidhaa zake hazibadiliki tena.

Mending inafanya kazi hivi: kifaa ulichoshika au kuvaa kinakula XP unazookota na kujitengeneza, XP 1 kwa alama 2 za uhai. Maana yake kifaa chenye Mending na Unbreaking III unaweza kukaa nacho mpaka uchoke mchezo wenyewe. Hivyo viwili navihesabu ni msingi wa nyumba, mengine yote ni kuta na rangi.

Hatua ya 4: Mavazi

Kila kipande kinapokea Protection (kinga), na kila ngazi ya Protection inapunguza madhara kwa asilimia 4. Vipande vinne vyenye Protection IV ni asilimia 64. Fire Protection (moto), Blast Protection (mlipuko) na Projectile Protection (mishale) zina nguvu mara mbili kwa aina yake tu, na haziingii pamoja na Protection kwenye kipande kimoja.

Buti ndizo ninazozipenda kuzizindika. Feather Falling IV inaondoa karibu nusu ya madhara ya kuanguka, asilimia 48, na kwa wachimbaji kuanguka ndiko kunakotuua zaidi. Ongeza Depth Strider III (kwenda haraka majini) kama unakaa karibu na bahari. Kofia ipe Respiration III (pumzi ndefu majini) na Aqua Affinity (kuchimba haraka majini). Suruali ikipata Swift Sneak (kunyata haraka) ni bahati, kwani hiyo inatoka kwenye masanduku ya Ancient City, ule mji wa kale chini ya ardhi, peke yake.

Thorns siiweki. Inamchoma adui, sawa, lakini inachakaza vazi haraka kuliko faida yake.

Hatua ya 5: Silaha

Upanga: Sharpness V, Looting III, Unbreaking III, Mending. Fire Aspect ni nzuri kwa anayefuga kuku na ng'ombe, nyama inaanguka imeshaiva. Knockback kwangu ni hiari, inamsukuma adui mbali halafu unamfukuza. Upinde: Power V inaongeza madhara ya mshale kwa asilimia 150, hiyo usiikose.

Hatua ya 6: Fuawe, na hapa naomba utulie

Fuawe ina kumbukumbu. Kila kifaa kinapopita juu yake, kinabeba deni. Deni linakwenda 1, 3, 7, 15, 31, na linaongezwa juu ya bei ya zindiko lenyewe. Bei ikifika 40 fuawe inakataa.

Chukua upanga mpya ambao haujawahi kupita kwenye fuawe, na vitabu sita vya mkutubi: Sharpness V, Looting III, Fire Aspect II, Knockback II, Unbreaking III, Mending. Ukitia kimoja kimoja, madeni peke yake ni 0+1+3+7+15+31, jumla 57. Bei za mazindiko yenyewe ni 22. Umelipa leveli 79.

Sasa panga kwa jozi. Unganisha vitabu kwanza: Looting na Fire Aspect (leveli 4), Sharpness na Unbreaking (3), Knockback na Mending (2). Cha bei kubwa kiwe kushoto, chepesi kulia. Una vitabu vitatu vyenye mazindiko mawili mawili. Tia cha kwanza kwenye upanga, leveli 11. Cha pili, 12. Cha tatu, 12. Jumla yote ni 44, na hakuna mahali ulipokaribia 40 kwa mkupuo mmoja.

Upanga uleule, vitabu vilevile. Na upanga wangu mimi uliingia ukiwa tayari na deni la kuunganishwa, ndiyo maana kitabu cha sita kilikuta deni la 63.

Kwa hiyo usitengeneze kifaa chakavu kwenye fuawe kama una mpango nacho. Tengeneza kipya. Na kama una kifaa kilichozindikwa vibaya mezani, kipeleke kwenye kinoo cha kusagia: kitafuta mazindiko pamoja na deni, na kukurudishia XP kidogo. Laana tu, kama Curse of Vanishing, ndizo haziondoki.

MASWALI YA WANACHAMA

Mchimba Usiku: Mkuu, asante kwa somo. Meza yangu imeng'ang'ania kunionyesha Bane of Arthropods (la kuwapiga wadudu kama buibui) kwenye upanga. Nimeivunja nikaijenga upya, bado ileile. Tatizo nini?

Jibu: Meza haina kosa, mkuu. Kinachotolewa kimefungwa kwako wewe mchezaji, na hakibadiliki mpaka uzindike kitu chochote. Chukua kitabu kitupu, kizindike kwa chaguo la juu kabisa, lile linalokata leveli 1 na lapisi 1. Ukirudisha upanga utakuta machaguo mapya.

Bi Zumaridi: Nina kizimba cha zombi chini ya nyumba, ndiko napatia XP zangu. Smite au Sharpness?

Jibu: Dada, kwa kazi hiyo Smite bila kusita. Smite V inaongeza 12.5 kwa kila pigo juu ya wafu wote: zombi, mifupa inayotembea, hata Wither, lile zimwi la vichwa vitatu. Kwenye toleo la Java, Sharpness V inaongeza 3 tu. Zombi ana uhai wa 20, kwa hiyo utaiona tofauti mwenyewe. Upanga wa Smite ukae chini kwenye kizimba, wa Sharpness utembee nao, kwa sababu Smite haimgusi Creeper, yule kiumbe anayelipuka, wala buibui.

Kaka wa Pwani: Upinde wangu una Infinity (mishale isiyoisha), nimepata Mending, fuawe inakataa. Nimekosea mpangilio?

Jibu: Hujakosea, kaka. Mending na Infinity haziwekwi pamoja kwenye upinde mmoja. Kama una kuku wengi na changarawe za kutosha kupata mawe ya ncha, chagua Mending, mishale utatengeneza. Kama unapigana mfululizo mbali na nyumbani, Infinity na mshale wako mmoja. Mimi nina Mending, kwa sababu upinde wenye Power V sitaki kuutafuta mara mbili.

Mchimba Usiku: Na Creeper je? Kila nikifa ni Creeper. Nivae Blast Protection yote?

Jibu: Kipande kimoja kinatosha. Vitatu viwe na Protection IV, kimoja Blast Protection IV. Dhidi ya mlipuko vinajumlisha mpaka kikomo cha mchezo, asilimia 80. Dhidi ya mengine unabaki na asilimia 48 badala ya 64. Ukijaza Blast Protection kote, mlipuko utabaki kwenye 80 ileile, halafu mifupa na lava watakumaliza.

Mgeni wa Bloku: Nizindike vifaa vya almasi sasa hivi au nisubiri netherite, yale madini magumu kuliko almasi?

Jibu: Zindika sasa. Ukiipandisha kuwa netherite kwenye meza ya uhunzi, mazindiko yote yanabaki, na ile meza haiongezi deni kama fuawe. Ila kumbuka tangu toleo la 1.20 unahitaji pia kile kibao cha Netherite Upgrade kutoka kwenye magofu ya Bastion kule Nether. Ukikipata, kizalishe nakala kwanza kwa almasi 7 na jiwe la netherrack kabla hujakitumia, kwa sababu kila kifaa kinakula kibao kimoja.

Bi Zumaridi: Mdogo wangu ana miaka tisa, amepata almasi 3 kwa mara ya kwanza na anataka upanga. Nimwambieje?

Jibu: Mwambie atengeneze sululu, dada, na muende wote wawili kutafuta mbili zilizobaki za meza. Akishaona herufi zinaruka kutoka kwenye rafu, upanga atauomba mwenyewe kwa wakati wake.