Namna ya kuanzisha kikundi cha kuzima moto mtaani kwenu

Gari la zimamoto likija mtaa kama wetu, huku ndani ya Manzese, Dar es Salaam, linaishia barabarani. Uchochoro unapitisha bajaji kwa shida, na mbele kidogo kuna mtu kajenga ngazi ya baraza lake katikati ya njia. Kwa hiyo dakika za mwanzo za moto ni za majirani, watake wasitake. Mimi ni fundi umeme na niko kwenye kikundi cha kujitolea cha mtaa. Vijana wa mitaa mingine wakija kuuliza waanzie wapi, wengi wanaanza na bei ya mitungi ya kuzimia moto. Nawaambia pesa ziwekwe pembeni kwanza.

Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wajumbe wake. Wanakikundi waandikwe majina, watambulishwe kwenye mkutano wa hadhara. Ukivunja mlango wa mtu saa nane usiku na hakuna anayekujua, utaitiwa mwizi kabla hujasema neno. Kisha mwende kituo cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kilicho karibu, mwombe askari waje kuwafundisha. Kutoa elimu kwa wananchi ni sehemu ya kazi yao.

Kwenye kuchagua watu, msikimbilie vijana wenye misuli peke yao. Mchana wako Kariakoo kwenye vibarua, na moto hausubiri warudi. Chukueni mama ntilie, fundi cherehani, muuza genge, wazee wa kahawa. Hao ndio walinzi halisi wa mtaa, wanajua nani katoka na nani kalala.

Sasa daftari. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko kazi ya moto wenyewe. Piteni nyumba kwa nyumba mwandike: vyumba vingapi, nani analala wapi, kuna mzee asiyetembea, kuna mtoto mchanga, kuna mama anayefungia watoto ndani akienda kazini. Huyo wa mwisho msimgombeze, atawaficha. Muulizeni jirani gani anamwamini, ufunguo wa akiba ukae kwake. Angalieni madirisha yenye nondo. Mwenye nyumba akikubali, dirisha moja kwa kila chumba liwekewe nondo za bawaba na kufuli, ufunguo utundikwe msumarini mahali mtoto anafikia na mkono wa kutoka nje haufiki. Andikeni pia nani ana kisima au simtanki.

Kwenye umeme mniruhusu niseme zaidi, ndiko ninakokula. Nyumba ya kupanga yenye vyumba sita mara nyingi ina mita moja ya LUKU, na ndani mpangaji kila mmoja kajiungia kivyake. Juzi juzi nimefungua soketi moja inayolisha friji, pasi na jiko la umeme kupitia ekstensheni moja. Waya wake ni mwembamba wa taa, umeviringishwa chini ya zulia, na plastiki yake imeshakuwa laini kwa joto. Ukigusa waya na ukausikia wa moto, au soketi ina alama nyeusi, zima na umwite fundi. Fundi mwenye leseni, si kishoka. Kishoka atakuondolea fyuzi aweke kipande cha waya, umeme utawaka vizuri sana mpaka siku nyumba nayo itakapowaka. Katika daftari andikeni meni swichi ya kila nyumba iko wapi. Nimeikuta nyuma ya kabati, nimeikuta ndani ya chumba cha mpangaji aliyesafiri na ufunguo.

Vifaa ni vya kawaida: ndoo za lita 20, nyingine zijazwe mchanga mkavu, shoka, mtaimbo, ngazi, magunia ya katani, tochi, glavu za ngozi, filimbi. Mkipata mtungi wa kuzimia moto, ule wa dawa ya unga wa kilo 6, jueni unaisha chini ya nusu dakika. Ni wa moto unaoanza, si wa nyumba iliyoshika. Mshale wa geji yake uwe kwenye kijani. Vuta pini, lenga shina la moto, bana, fagia kulia na kushoto. Vyote hivi viwekwe genge linalochelewa kufunga. Msiweke ofisi ya serikali ya mtaa, inafungwa alasiri na mwenye ufunguo anaishi Mbagala.

Moto ukitokea, filimbi ipigwe na kila mtu aende kwenye kazi yake. Mmoja apige 114 ataje barabara kuu, kituo cha daladala, msikiti au kanisa lililo jirani, na kinachoungua. Bodaboda mmoja akasimame barabarani na tochi kulipokea gari. Mmoja azime meni swichi, na kama haifikiki, TANESCO wapigiwe na maji yasimwagwe karibu na nyaya. Waya wa nguzoni msiukate, hata kwa panga lenye mpini wa mbao. Mmoja mwenye sauti asimame mlangoni na daftari ahesabu watu. Bila yeye utasikia "kuna mtoto ndani!" na mtu ataingia kumtafuta mtoto aliyeko kwa shangazi yake.

Ndoo zipangiwe mistari miwili: zilizojaa zinakwenda kwa mstari mmoja, tupu zinarudi kwa mwingine. Ikiwa chumba kimeshashika hadi paa, achaneni nacho. Lowesheni ukuta na paa la jirani, bomoeni uzio wa mbao au banda lililounganisha nyumba mbili. Mwenye nyumba atawalaani, vumilieni. Moshi ukishashuka kufikia kiuno, asiingie mtu. Wengi huuawa na moshi kabla ya moto kuwafikia.

Mafuta ya kukaangia yakiwaka, funika sufuria na mfuniko, zima jiko, usiiguse. Maji yakiingia kwenye mafuta hayo yanageuka mvuke ghafla na kurusha moto hadi darini. Mtungi wa gesi unaowaka shingoni, vaa glavu au zungushia mkono gunia bichi, funga koki kwa kuizungusha kulia. Wenye regulata, zima swichi ya regulata. Ukiua mwali bila kufunga, gesi inaendelea kutoka, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inatambaa chini ikitafuta jiko la mkaa la jirani. Mtungi uliopigwa na moto muda mrefu hausogelewi, ondoeni watu.

Sisi tuko kando ya Barabara ya Morogoro, malori ya mafuta yanapita usiku na mchana. Lori likipinduka, kazi ya kikundi ni moja: kuwazuia watu wenye madumu. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka, watu wakaenda kukinga mafuta na moto ukalipuka. Vutaneni mashati mkibidi.

Aliyeungua apate maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, unga na yai vibaki jikoni.

Moto ukizimika, magodoro yatolewe nje yapasuliwe na kuloweshwa mpaka ndani. Sponji linaficha kaa likawaka tena alfajiri. Wawili wakeshe hapo hadi kupambazuke, na chai yao na chapati zitoke kwenye mfuko wa kikundi, iandikwe kwenye daftari, maana kuna mjumbe lazima ataiuliza.