Jinsi ya kupanga mizani na vina vya shairi la tarbia

Tarbia ni shairi la mishororo 4 kwa kila ubeti. Katika bahari (mtindo wa utunzi) iliyozoeleka, kila mshororo una mizani 16: 8 za ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na 8 za utao, yaani kipande cha pili. Tazama ubeti huu:

Jembe shika ukalime, mawingu yamo angani,
Usikae ulalame, ukabaki kitandani,
Palilia uyachume, mahindi yako shambani,
Kwa bidii ujitume, uvune ule nyumbani.

Mizani ni silabi, basi hesabu kwa mdomo, si kwa jicho. Vokali zikifuatana, kila moja ina mizani yake: bi-di-i ni 3, u-si-ka-e ni 4. Kwa, mwa na nyu ni moja moja.

Wanaoanza hukwama zaidi kwenye m. Katika “mtu mbaya” m zote mbili zinatamkwa peke yake, kwa hiyo m-tu m-ba-ya ni 5. Katika “njia mbaya” m imeshikana na b: nji-a mba-ya, 4. Neno ni lile lile, ngeli ndiyo imebadilika. Maneno kama daktari na labda wengine huyapa mizani 3 na 2, wengine huyaongezea. Ni salama kutafuta neno jingine.

Ukizidisha mizani, fupisha: aliyekuja huwa alokuja. Ikipungua, refusha: afya huwa afiya, enda huwa enenda. Lakini ruhusa hii itumie kwa uchache. Shairi lililojaa maneno yaliyokatwakatwa linachosha, na msomaji anajua kwamba mtunzi alishindwa kutafuta neno. Kosa baya zaidi ni kumaliza mizani ya nane katikati ya neno: hapo mwimbaji hana pa kuvutia pumzi.

Kina, yaani mlio unaorudiwa mwishoni mwa kila kipande (katika ubeti ule, -me na -ni), ni silabi nzima. -me na -ne havilingani, ingawa vokali ni moja.

Kama kituo, yaani mshororo wa mwisho, kitarudiwa kila ubeti, kitunge kwanza. Ukitaka mtiririko, yaani vina visibadilike tangu mwanzo hadi mwisho, orodhesha maneno kabla ya kuandika chochote: beti 6 zenye kituo kinachorudiwa zinahitaji maneno 19 ya kina cha kati na 19 ya kina cha mwisho. Yasipofika, badili kina, au tunga ukaraguni, ambao kila ubeti una vina vyake.

Kisha liimbe shairi lote kwa sauti. Pale ulimi unapojikwaa, hesabu upya.